Daftari la Mengo, Shahada ya London

Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha London kilimtunuku Yvonne Barr, mwanasayansi kijana kutoka Ireland, shahada ya uzamivu baada ya kazi aliyoifanya katika maabara ya Anthony Epstein kwenye Chuo cha Tiba cha Hospitali ya Middlesex. Kazi yake ilikuwa kulea seli: kuzitoa kwenye kipande cha uvimbe wa saratani, kuzitia katika chupa yenye maji ya lishe, na kuzifanya ziishi na kugawanyika nje ya mwili wa binadamu. Seli hizo zilifika London kwa ndege kutoka Uganda, na zilikuwa za watoto waliovimba mataya. Kirusi kilichoonekana ndani yake, ambacho leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, kilikuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa watu wawili watatu wenye akili nyingi na hadubini nzuri. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaanzia katikati. Utafiti wa uzamivu juu ya saratani na seli huanzia kwenye kumbukumbu za wagonjwa, na katika kisa hiki kumbukumbu zilikuwa Afrika Mashariki. Swali lilizaliwa huku na ushahidi ulikusanywa huku. Kilichokosekana ni taasisi ya kuupokea ushahidi huo na kumlipa kijana wa hapa akae nao miaka mitatu minne mpaka autolee tasnifu.

Tuanzie Mengo. Albert Cook, daktari wa misheni, alifika Buganda mwaka 1897 na mwaka huohuo akaanzisha hospitali. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ambayo madaktari wengi wa zama zile hawakuwa nayo, ya kuandika habari za kila mgonjwa, wakieleza dalili, matibabu na mwisho wake, na pengine kuchora uvimbe waliouona. Katika maandishi hayo wamo watoto wenye uvimbe wa taya, miaka mingi kabla ugonjwa huo haujapewa jina. Katikati ya karne ya 20, Jack Davies, mkuu wa patholojia Makerere, aliyarudia mafaili hayo ili kujibu swali lililokuwa likibishaniwa sana: je, ni kweli kwamba saratani ni nadra kwa Waafrika? Matokeo ya uchambuzi wa kumbukumbu za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956 yalichapishwa mwaka 1964, na miongoni mwa waandishi wake yumo Mtimavalye na yumo Owor, ambaye baadaye alikuwa profesa wa patholojia Makerere. Jibu lilikuwa wazi. Saratani ilikuwapo siku zote, na aina zilizoonekana mwanzoni mwa karne hazikutofautiana sana na zile za nusu karne baadaye. Waliodai kuwa haipo walikuwa hawajahesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maradhi nayo yako hivyohivyo.

Davies hakuishia kwenye mafaili ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kampala ilipata rejista ya saratani, mojawapo ya rejista za mwanzo barani Afrika, ambamo kila kipande cha tishu kilichopimwa Makerere kiliingizwa pamoja na umri wa mgonjwa na mahali alikotoka. Hivyo mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, alipoitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini, na muda mfupi baadaye akakutana na mtoto mwingine wa namna hiyohiyo katika hospitali ya Jinja, alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Alipekua kumbukumbu, akakuta watoto wengine, tena wengi wao wakiwa na uvimbe tumboni, kwenye figo na kwenye ovari. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38, akidhani bado ni saratani ya nyama za taya. Aliyesahihisha dhana hiyo ni Greg O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi na Davies. Chini ya hadubini aliona seli za aina moja zilizobanana, duara na nyeusi kwa rangi ya maabara, zikigawanyika kwa kasi kubwa. Katikati yake palikuwa na seli kubwa nyeupe zilizotawanyika, ambazo kazi yake ni kumeza mabaki ya seli zilizokufa. Wanapatholojia huiita sura hiyo anga yenye nyota. Seli zile nyeusi ni limfosaiti, chembe za kinga ya mwili, na uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari ulikuwa ugonjwa mmoja: limfoma.

Hapo ndipo jiografia ilipoingia. Burkitt alituma kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni barani vikaratasi vyenye picha za watoto hao, akiuliza wapi wamewahi kuonekana. Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alianza safari ya wiki 10 kwa gari kuukuu, kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika. Walikwenda zaidi ya kilomita 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza swali lilelile. Walipochora ramani, ukaonekana mkanda unaokatiza Afrika ya joto na mvua. Karibu na ikweta, ugonjwa ulipungua mahali palipozidi mwinuko wa takriban mita 1,500: haukuonekana Kigezi, wala katika nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alisaidia kuonyesha kuwa kinachoamua ni joto na mvua, wala si kimo chenyewe. Mipaka hiyo ilifanana mno na mipaka ya mbu. Huko West Nile, katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua, Ted Williams na ndugu yake Peter walikuwa wakiandika kila mtoto aliyeletwa, kijiji alikotoka na tarehe alipougua. Daftari hilo la hospitali ya kijijini liliwezesha baadaye uchambuzi wa kitakwimu juu ya namna wagonjwa walivyotokea kwa mafungu, katika eneo moja na majira mamoja.

Machi 1961, miezi michache kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London katika Hospitali ya Middlesex. Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Alikuwa mtaalamu wa hadubini ya elektroni na alikuwa amesumbuka kwa miaka kadhaa na kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku. Saratani inayofuata mvua na joto, alifikiri, lazima iwe na kiumbe hai nyuma yake. Akapanga vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa takriban miaka miwili hakuona chochote. Ruzuku ya dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilimwezesha kuwaajiri Barr, aliyejua kulea seli, na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, aliyeandaa sampuli za hadubini. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande cha uvimbe wa msichana wa miaka 9 ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameingia bakteria. Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini ya kawaida akakuta seli za saratani zinaelea zikiwa hai, zimejitenga zenyewe na kipande cha tishu. Kuanzia siku hiyo zilikuzwa zikielea badala ya kulazimishwa kushika chini ya chupa, na zikaishi. Februari 1964, katika seli hizo, hadubini ya elektroni ilionyesha chembe za kirusi cha jamii ya hepesi, na mwezi Machi habari ikatoka katika jarida la Lancet.

Wapo wanaosema kwamba kisa hiki kinathibitisha nguvu ya bahati. Ukungu usingetanda, ndege isingechelewa, seli zisingejitenga, na kirusi kisingejulikana. Hoja hii inapendeza kusimuliwa, lakini haihimili kupimwa. Bahati ya siku moja iliangukia juu ya miaka zaidi ya sitini ya uandishi: mafaili ya Cook, rejista ya Davies, vioo vya O'Conor, ramani ya Burkitt. Ndege ile ilichelewa na mzigo ambao tayari ulikuwa na maana, kwa sababu kila aliyeupokea alijua umetoka kwa mtoto wa umri gani, mwenye uvimbe wa aina gani, kutoka ukanda gani. Isitoshe, karibu wakati huohuo mtafiti Pulvertaft alifanikiwa kukuza seli za ugonjwa huohuo kutoka kwa watoto wa Nigeria, bila kuhitaji ukungu wa London. Ukungu ulileta matokeo mwezi huu badala ya mwezi ujao. Haukuleta swali.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bila hadubini ya elektroni kirusi kisingeonekana, na hadubini ilikuwa London, basi ni haki shahada na sifa ziwe za London. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu. Lakini hadubini hiyo ilikuwapo kabla ya mhadhara wa 1961, na mwenye hadubini alikuwapo, na kwa saratani ya binadamu hawakuwa wamepata kitu. Kilichobadilika ni kwamba walipewa swali lenye mipaka. Tena tuangalie mashine yenyewe ilikwenda pamoja na nini: mshahara wa mwanafunzi, msimamizi, fundi wa sampuli, na chuo chenye utaratibu wa kutunuku uzamivu. Makerere ilikuwa ikifundisha madaktari tangu miaka ya 1920 na idara yake ya patholojia ilikuwa ya kuheshimika, ila kazi iliyotegemewa kwake ilikuwa kupima, kuandika na kutuma. Na maisha ya Barr mwenyewe yanaonyesha kuwa taasisi ina nguvu kuliko kipaji. Baada ya kuolewa alihamia Australia, akakosa nafasi ya utafiti, akawa mwalimu wa shule. Jina lake limo katika kila kitabu cha virusi duniani, lakini palipokosekana maabara ya kumpokea, mwenye shahada naye alitoka nje ya sayansi.

Mgawanyo huo wa kazi uliendelea. Jijini Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Kenyatta, alikuwa akipeleka sampuli Stockholm kwa George na Eva Klein wa Karolinska. Miongoni mwa seli zilizotokana na wagonjwa wa Kenya ni zile ziitwazo Daudi, za mwaka 1967, ambazo bado zinagawanyika katika majokofu na chupa za maabara kote duniani. Kwa kuwa hazina protini fulani ya kushikilia utambulisho wa seli juu ya ngozi yake, zimekuwa kipimo cha kawaida cha chembe za kinga zinazoua, na wanafunzi wengi wa uzamivu wamezitumia. Mwaka 1972 Manolov na Manolova, Wabulgaria waliokuwa Sweden, waliona katika seli za limfoma hii kromosomu namba 14 iliyoongezeka urefu. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kuwa nyongeza hiyo imekatika kutoka kromosomu namba 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikatambua kilichobebwa katika kipande hicho: kinasaba cha MYC, kinachoamuru seli igawanyike. Kikihamishiwa jirani na vinasaba vya kingamwili, ambavyo katika limfosaiti B haviachi kufanya kazi, amri ya kugawanyika haizimwi tena. Malaria nayo ikapata nafasi yake. Inazichochea limfosaiti B ziongezeke na inaamsha kimeng'enya kinachokata vinasaba vya kingamwili, huku kirusi kikizikinga seli zilizoharibika zisife. Ramani ya mwaka 1961 na kromosomu ya mwaka 1982 zinaeleza jambo moja, lakini zilichukua miaka ishirini kukutana, kwa kuwa waliochora ramani na waliochora kromosomu walikaa mabara tofauti.

Isidhaniwe kwamba Afrika Mashariki ilikaa kimya ikitazama ndege zikiruka. Mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua Kampala kituo cha kutibu limfoma, kilichokuwa mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Chini ya John Ziegler, dawa zilijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi kwa watoto, na ikaonekana kuwa wengine hupona kabisa kwa dawa peke yake, jambo lililokuwa geni kwa uvimbe mgumu wa aina hiyo. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka na wageni wengi kuondoka, Charles Olweny, Mganda aliyesoma Makerere, aliiongoza taasisi hiyo katika miaka ambayo hata pamba na sindano vilikuwa shida. Wakati huohuo, katika wilaya ya West Nile, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa, wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyotoka mwaka 1978 yalionyesha kuwa waliougua baadaye walikuwa na kingamwili nyingi za kirusi hicho kabla ya kuugua. Kaskazini mwa mkoa wa Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma. Wagonjwa walipungua, ingawa idadi ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kugawiwa, na malaria ikarudi juu kabla jaribio halijaisha. Kazi zote hizi mbili ziliratibiwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa. Wasaidizi wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba, waliojua mama gani amehama na mtoto yupi ana jina la pili, walikuwa wenyeji. Bila wao damu ya West Nile ingekuwa chupa zisizo na habari.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi leo katika mabaraza yetu: hospitali hazina dawa, Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika pale Mulago, na wewe unazungumzia uzamivu wa seli? Anayeuliza hivyo ana haki ya kukasirika. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu wengi huchelewa kufika hospitali, hukatisha dawa au hufia njiani. Lakini historia hii yenyewe inakanusha wazo kwamba utafiti na tiba vinagombania sahani moja. Kampala, kituo cha utafiti ndicho kilichokuwa wodi, na itifaki ya majaribio ndiyo iliyohakikisha mtoto anapimwa, anahesabiwa na anafuatiliwa mpaka kijijini. Mfano wa karibu zaidi ni utafiti uliowahusu wagonjwa 356 katika hospitali za Nigeria, Kenya na Tanzania, ikiwemo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, uliochapishwa mwaka 2012 chini ya uongozi wa Twalib Ngoma. Ulitumia dawa tatu za bei nafuu, na takriban asilimia 62 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 2. Tiba ile ilipatikana kwa kuandika kwa makini nani amepewa nini na amekuwaje, na huo ndio utafiti. Hospitali isiyoandika haitibu vizuri zaidi. Inashindwa tu kujua imetibu wangapi.

Wengine watasema mambo yamekwisha kubadilika: Makerere imekuwa na mpango wa uzamivu wa pamoja na Karolinska, Kenya ina taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI tangu 1979, na utafiti mkubwa wa limfoma hii uitwao EMBLEM, uliokusanya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016, ulifanyika huku. Ni kweli, na ni hatua ya kupongezwa. Ila kipimo cha mabadiliko si idadi ya wenye shahada. Kipimo ni pale sampuli inapokaa, nani anaamua itumike kwa swali gani, na mwenye shahada anaporudi anakuta nini. Mtafiti anayesomea kromosomu Stockholm na kurudi mahali pasipo jokofu la uhakika wala rejista iliyokamilika atafanya kama alivyofanya Barr: atafundisha, au atahama. Na familia za watoto waliotoa seli miaka ya 1960, wakati idhini ya maandishi haikuwa utaratibu wa lazima kama ilivyo leo, zinatudai angalau kwamba wajukuu wao wasiwe watoa sampuli tu.

Kwa hiyo hukumu ya historia hii ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Sayansi ya seli za saratani ilijengwa juu ya kazi ambayo haina tuzo: kuandika jina, umri, kijiji, tarehe, na kutunza kipande cha tishu pasipoharibika. Kazi hiyo tuliijua mapema kuliko wengi, kisha tukaiacha iwe ya karani asiye na cheo, katika chumba chenye mchwa, huku tukitafuta fedha za mashine. Kila mkuu wa idara anayepanga nafasi za uzamivu za mwaka ujao, Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, na aanze kwa kuuliza mafaili ya wagonjwa wa saratani yako wapi, nani anayatunza, na mshahara wa mtu huyo umetengwa katika bajeti ipi.